Bwana Kama na Mtamba wa Posa

Mtu aliyetaka kujua kama Mwandawiro angekwenda sokoni kesho yake ilimpasa atafute mahali pa kukaa kwanza, maana jibu halikuwa fupi. "Kama niko hai," angeanza, "na kama goti halijaniuma, na kama zamu ya stesheni haijabadilishwa, na kama mke wangu hana kazi nyingine ya kunipa, basi nitakwenda." Muulizaji angeshukuru kwa adabu, kisha akaenda kumwuliza mtu mwingine. Stesheni ya reli ya Voi, alikofanya kazi, walimwita Bwana Kama. Kwao mlimani Sagala walimwita vivyo hivyo, ila kwa heshima kidogo zaidi, kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa.

Wala usimdhanie mwoga. Mtu aliyewahi kumfukuza fisi kwa kofia yake ya kazi hawezi kuitwa mwoga. Mwandawiro aliogopa kitu kimoja tu chini ya jua, nacho ni kuitwa mwongo. Babake alikuwa mtu wa kupiga chuku, mtu wa kuahidi mbuzi asiye naye, na Mwandawiro alikua akisikia watu wakicheka kila babake alipofungua mdomo. Akaapa kwamba yeye hatachekwa. Mpaka mvi zikaanza kumwota, hakuna aliyeweza kusimama Sagala nzima akasema, "Siku fulani, Mwandawiro alinidanganya."

Tabu ni kwamba uaminifu wake ulikuwa na kichaa chake. Walipokuwa wakiezeka kanisa kwa mabati, alisema mbele ya wazee wenzake, "Jumamosi jua likiwaka, nitakuja." Jumamosi ikaja na wingu zito lililofunika mlima mpaka mchana. Hapakuwa na mvua, hapakuwa na jua. Mwandawiro alikaa mlangoni kwake, nyundo mkononi, akisikia wenzake wakigonga misumari na kucheka kule juu. Alitamani kwenda mpaka miguu ikamwasha.

"Si uende?" mkewe Tryphena akamwambia. "Umekaa hapo unanisumbua macho."

"Nilisema jua likiwaka. Jua haliwaki. Nikienda, nitakuwa nimesema uongo."

Tryphena alimtazama, akatikisa kichwa, akarudi kwenye maharagwe yake. Lakini watu wa mlimani walimsifu. Walisema, tazameni mtu wa neno lake. Hata mmoja hakuona kasoro, kwa sababu wote waliamini kama yeye: ukisema, "Jambo hili likiwa, nitafanya lile," basi hili lisipokuwa, umefungwa usifanye lile. Hivyo ndivyo walivyosikia, na hivyo ndivyo walivyoishi.

Basi, mwishoni mwa mwezi wa tatu mwaka wa hamsini na sita, ikaja posa ya Wakio.

Wakio alikuwa binti wa pekee wa Mwandawiro, msichana wa miaka ishirini, mwepesi wa kucheka na mzito wa kusahau. Mwaka uliopita alijikata kidole kwa panga, akateremka Voi kufungwa bendeji na dresa mmoja kijana, mfunga vidonda wa zahanati, jina lake Reuben. Kidole kilipona wiki ya kwanza. Wakio aliendelea kuteremka kufungwa bendeji wiki tatu zaidi, na dresa aliendelea kufunga bila kuuliza chochote. Tryphena aliyaona yote hayo akanyamaza, kwa kuwa naye alikuwa amempenda kijana. Hata Mwandawiro alimpenda. Reuben ndiye aliyemkanda lile goti lake mpaka akaweza kupanda mlima bila kusimama njiani.

Kwa hiyo babake Reuben, Mzee Danson wa ng'ambo ya pili ya mlima, alipofika na ndugu zake wakimvuta mtamba wa posa, kila mtu alijua mambo ni shwari. Mtamba ni ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, na huyu alikuwa mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Katika ukoo wa Mwandawiro ilikuwa desturi kwamba baba wa msichana hushika kamba ya mtamba huyo, kisha hutamka neno lake mbele ya wote. Neno lililotamkwa kamba ikiwa mkononi halirudishwi. Kilichotakiwa ni maneno mawili matatu tu, nimepokea, karibuni, halafu watu wanywe chai.

Lakini Danson alikuwa na mdomo. Alikuwa mtu mwema, mkarimu, ila akikuambia mbuzi wake amezaa watatu, wewe hesabu mmoja. "Mwandawiro, mzee mwenzangu," akasema, akimpigapiga mtamba mgongoni, "huyu sikukuletea mtupu. Huyu ana mimba ya miezi minne! Kabla hujamaliza kuvuna mahindi yako, nyumba hii itanuka maziwa."

Mwandawiro akalitazama tumbo la mtamba. Akaliona limelala bapa kabisa. Akamkumbuka babake na mbuzi wake wa kuahidi, na hapo kichaa chake kikampanda. Badala ya kusema nimepokea, akaishika kamba vizuri, akakohoa, akatamka: "Mtamba huyu akizaa kabla mahindi yangu hayajavunwa yote, mwanangu Wakio ataolewa na Reuben."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Waliona ni utani wa wakwe, na kwamba Danson amepata anayemweza. Danson mwenyewe alicheka kuliko wote. Reuben alitabasamu kwa shida, kwani yeye, ingawa alitibu watu na si ng'ombe, aliwahi kuona mimba.

Tryphena hakupiga makofi. Wageni walipoondoka alimfuata mumewe zizini. "Baba Wakio, hivi una akili timamu? Ndoa ya mtoto umeitia tumboni mwa ng'ombe!"

"Danson amesema ana mimba."

"Danson alisema pia kwamba amewahi kupanda Kilimanjaro kwa baiskeli!"

Neno lilikuwa limekwisha kutoka, na kamba ilikuwa mkononi.

Hapo ndipo mlima mzima ulipoanza kumwangalia ng'ombe mmoja. Watu walimpa jina la Mkwe. Wanawake wakitoka kanisani walipitia zizini na majani ya viazi vitamu, wengine na vipande vya migomba, wakamlisha huku wakimpapasa ubavuni. "Umesikia kitu?" "Nimesikia." "Ni tumbo linanguruma tu, mama wee." Wakio alimchotea maji kila asubuhi na kumsemesha kwa upole kuliko alivyowahi kumsemesha mtu. Mtamba naye hakukataa kitu. Alikula vya asubuhi, akala vya mchana, akala na kikapu cha mama mmoja aliyekuja kusalimia.

Na kweli, akavimba! Mwezi wa sita tumbo lilijaa pande zote mbili. Mwezi wa saba lilining'inia. Danson alikuja kulitazama, akasimama mikono kiunoni kana kwamba mimba ni yake. Kule Voi, Hashil, Mswahili wa pwani aliyeuza chai karibu na kibanda cha Mwandawiro pale reli, akawa kila siku anauliza, "Enhe, Mkwe hajambo?" Mwandawiro akawa anajibu, "Hajambo, amenenepa." Alianza hata kulala vizuri.

Mwezi wa nane mahindi yakakauka. Sagala yote ilivuna, isipokuwa shamba moja. Tryphena alikwenda shambani asubuhi na kapu kubwa, akarudi adhuhuri na mahindi matatu.

"Mgongo," akasema.

Kesho yake alileta mawili. Mwandawiro alijua vizuri mgongo huo ulikuwa mgongo wa namna gani, naye akamshukuru Mungu kwa kumpa mke mwenye mgongo mbaya. Lakini hata uvivu wa makusudi una mwisho, na ikabaki pembe moja tu ya shamba, karibu na miamba. Nyani wakaiona. Wakio na mamake wakawa wanashinda pale kwa zamu, wakirusha mawe na kupiga debe, wakilinda mahindi yaliyokauka ili yasivunwe. Mtu asiyejua habari angeona familia nzima imerukwa na akili.

Siku kumi zikapita hivyo, mwezi wa tisa ukaingia. Ndipo akapanda mlimani bwana mifugo, aliyekuwa akizunguka kuchanja ng'ombe. Tryphena alimwomba ampime Mkwe. Bwana mifugo akakunja shati mpaka begani, akapaka mkono sabuni, akapima, akapima tena. Watu wapatao ishirini walikuwa wameegemea ua wa zizi bila kupumua.

"Huyu hana mimba," akasema. "Ana shibe."

Hakuna aliyecheka. Tryphena alichukua kapu lake, akaenda kwenye ile pembe ya shamba, na kabla jua halijafika utosini alikuwa ameivuna yote.

Jioni hiyo Danson na Reuben waliitwa. Danson alikuja kichwa chini, mtu ambaye hajawahi kutembea kichwa chini. Mwandawiro akasimama, moyo ukimuuma kweli, akasema, "Mtamba hakuzaa. Mahindi yamekwisha. Nilitamka kamba ikiwa mkononi. Wakio haolewi."

"Ni haki yako," Danson akajibu. "Ulisema. Sote tulisikia."

Reuben akatoa barua mfukoni. Alikuwa amehamishwa kwenda upande wa Taveta, zahanati ya huko karibu na Mboghoni, aripoti mwisho wa mwezi wa tisa na akae miaka miwili bila likizo. "Nilitumaini niende na mke wangu," akasema. Tangazo la ndoa lilipaswa kusomwa kanisani Jumapili tatu mfululizo kabla ya harusi. Kwa hesabu yoyote, la kwanza lisiposomwa Jumapili hiyo inayokuja, hapangekuwa na harusi kabla hajaondoka.

Wakio hakulia mbele ya wageni. Alikwenda kulia nyuma ya ghala, na Mwandawiro alimsikia. Alikaa ameshika tama, akamsikiliza mwanawe mpaka mwisho. Kulipopambazuka aliteremka Voi kushika zamu yake, na njia nzima hakumsalimia mtu.

Kazi ya Mwandawiro ilikuwa kuvuta zile nyenzo ndefu za chuma zinazoinua na kushusha mikono ya ishara, nje kidogo ya stesheni. Mkono ukiwa juu, treni inasimama na kungoja. Mkono ukishuka, treni inaingia. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na saba bila lawama. Siku hiyo alikaa kibandani, macho wazi, akili ikiwa nyuma ya ghala. Treni ya kutoka Taveta ikaja, ikapiga honi, ikasimama nje. Ikapiga tena. Mwandawiro hakusikia. Njia ilikuwa nyeupe, hakuna hata toroli, na mkono umebaki juu.

Baada ya muda akatokea Musyimi, msaidizi wa dereva, akitembea juu ya mataruma ya reli, uso umejaa mafuta na hasira.

"Wewe Bwana Kama! Umelala? Tumekaa kule tunachomwa na jua, na njia haina kitu! Mkono wako umetudanganya!"

Hapo Mwandawiro akazinduka. Akavuta nyenzo, mkono ukashuka. Kosa lilikuwa lake na alilikubali, akaomba radhi mara mbili. Lakini lile neno la mwisho lilimchoma pabaya.

"Sema mimi nimechelewa, nakubali," akasema. "Lakini mkono wangu usiuite mwongo. Mkono huo haujadanganya mtu miaka kumi na saba."

"Ulikuwa juu na njia iko wazi! Huo si uongo?"

"Hata kidogo! Sikiliza, bwana. Mkono unasema hivi: nikishuka, njia iko wazi. Basi. Haujasema hata siku moja kwamba ukiwa juu, lazima njia ina kitu. Ukiwa juu, pengine njia ina treni, pengine iko wazi na mimi nimezubaa. Yote mawili hayaufanyi mwongo. Mkono unaweza kusema uongo kwa namna moja tu: ushuke, na njia ina treni. Siku hiyo njoo unitukane, kama utakuwa na mdomo."

Musyimi akafikiri, akakuna kichwa, akasema ngoja awahi injini yake. Akaondoka. Treni ikaingia stesheni salama.

Hashil alikuwa ameyasikia yote, birika mkononi. Alikuwa mtu wa kupenda hoja kuliko biashara, na mara nyingi chai ilimwagika kwa sababu hiyo. Habari ya Mkwe na shibe yake alikuwa amekwisha kusimuliwa asubuhi. Akaja mlangoni pa kibanda polepole.

"Kaka, hebu rudia hapo."

"Nirudie nini?"

"Hiyo ya mkono. Wasema mkono ukishuka njia i wazi. Na ukiwa juu?"

"Ukiwa juu haujaahidi kitu."

"Haya. Na mtamba akizaa, Wakio aolewa. Ndivyo ulivyotamka, au sivyo?"

"Ndivyo."

"Na asipozaa?"

Mwandawiro akatazama nyenzo zake, akamtazama Hashil.

"Nilisema akizaa," akasema polepole.

"Wallahi, ulisema akizaa! Mimi nimeisikia hadithi hii miezi mitano, kila siku na kikombe chake, na sijakusikia ukitaja asipozaa. Sasa hebu tuipange." Hashil akaketi juu ya debe, akasahau wateja wake. "Tuseme mtamba alizaa, nawe ukamtoa bintiyo. Umedanganya?"

"Hapana."

"Alizaa, nawe ukamzuia."

"Hapo ningekuwa mwongo mbele ya Mungu na watu."

"Hakuzaa, ukamzuia. Kama ulivyofanya jana."

"Si mwongo."

"Hakuzaa, nawe ukamtoa. Nani atasimama akuambie, Mwandawiro, ulisema hivi na umefanya vile? Atataja neno gani? Uliahidi la kuzaa, na kuzaa hakukutokea. Mahali pa kudanganya palikuwa pamoja tu, ng'ombe azae nawe ukatae. Hapo hukufika, na sasa huwezi kufika tena hata ukitaka. Naapa kwa chai yangu hii, kama kuna pengine palipo na uongo nionyeshe."

Mwandawiro alitafuta. Alitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo, akageuza neno lake huku na huku, akalitazama mbele na nyuma. Hakupaona. Akaikumbuka ile Jumamosi ya mabati, na nyundo aliyoishika siku nzima mlangoni, akasema kwa sauti, "Kumbe ningekwenda!"

"Ungekwenda wapi?"

"Acha tu."

Akacheka. Kwanza kidogo, halafu mpaka akashika mbavu. Kisha kicheko kikakatika ghafla, uso ukabadilika, na Hashil akaogopa.

"Kulikoni tena?"

"Hashil," Mwandawiro akasema, "kama neno langu halikunizuia, basi aliyemliza mwanangu jana si neno. Ni mimi."

Hashil akammiminia chai, akamkabidhi kikombe kwa mikono miwili.

Kwa kweli jambo hilo lilimtisha Mwandawiro kuliko kuitwa mwongo. Miaka yote alikuwa ametanguliza kama ili mambo yajiamulie yenyewe, jua liamue, goti liamue, ng'ombe aamue. Sasa ng'ombe amekataa kuamua, na hapakubaki mtu mwingine wa kusimama mbele ila yeye. Alikunywa ile chai mpaka chini. Akaenda kwa stesheni masta, akaomba ruhusa ya Jumamosi, na kwa mara ya kwanza aliomba bila kuweka sharti hata moja. Stesheni masta alishangaa mpaka akampa na ya Jumapili.

Jumamosi kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha fika nyumbani. Tryphena alikuwa hajamsemesha tangu siku ya bwana mifugo. Alipomwona akiingia anahema, akichechemea kwa lile goti lake, alisahau kununa.

"Kuna msiba?"

"Hakuna. Waite kina Danson. Waambie waje na Reuben."

"Wamekuja wenyewe," Tryphena akasema. "Wako zizini. Wamekuja kumchukua ng'ombe wao."

Mwandawiro akaenda zizini mbio mbio. Danson alikuwa amekwisha mfunga Mkwe kamba, na Mkwe, mzito kwa miezi mitano ya majani ya viazi, alikuwa anagoma kutoka. Ndugu wawili walikuwa wakimsukuma nyuma. Reuben alisimama pembeni, kofia mkononi. Wakio alikuwa mlangoni pa jikoni, akitazama chini. Majirani, kama kawaida, walikuwa wamekwisha kujaa uani.

"Mwacheni," Mwandawiro akasema. "Nipeni kamba."

Danson akampa, akidhani anataka kusaidia kuvuta.

Mwandawiro akawaeleza. Aliwaeleza vibaya mara ya kwanza, akachanganya mikono ya reli na matumbo ya ng'ombe, na mzee mmoja akauliza kama treni ndiyo iliyozaa. Akaanza upya, polepole, kama Hashil alivyompangia. Alizaa, nikatoa. Alizaa, nikazuia. Hakuzaa, nikazuia. Hakuzaa, nikatoa. Kila moja aliwauliza, "Hapa nimedanganya?" Kwenye la pili wote wakasema, "Umedanganya!" Kwenye la nne walitazamana.

"Lakini sote tulisikia umekataa," Danson akasema, akikunja uso.

"Mlisikia nini? Nitajie maneno."

Danson akayataja, neno kwa neno, maana yalikuwa yamemkaa kichwani miezi mitano. Alipofika mwisho akasimama, akayarudia moyoni, midomo ikicheza. Taratibu uso wake ukakunjuka. "Haimo," akasema. "Jamani, haimo! Hakusema asipozaa!" Halafu akashikwa na wasiwasi mpya. "Sasa mtamba wangu alikuwa na kazi gani?"

"Angezaa, ningebanwa. Hakuzaa, sikubanwa. Niko huru."

"Enhe. Na wewe uliye huru, unasemaje?"

Uwanja wote ukamgeukia. Kamba ilikuwa mkononi mwake, na kila aliyekuwepo alijua maana yake. Mwandawiro alitaka kusema. Alikuwa na neno tayari, amepanda nalo mlima mzima akilifanyia mazoezi. Akainua macho, akamwona Wakio mlangoni, mkono umeshika kizingiti, na neno lake akaliweka kando, kwa sababu aliona jambo ambalo hata Hashil na ufundi wake wote hakuliona.

Akamwachia Tryphena kamba. Akavuka ua mpaka mlangoni pa jikoni.

"Mwanangu," akasema, "miezi mitano tumemwuliza ng'ombe. Tumempapasa, tumemsikiliza tumbo, tumemletea na mpimaji. Wewe hakuna aliyekuuliza. Mimi babako sikukuuliza. Reuben huyu, unamtaka?"

Wakio aliinua uso. Macho yalikuwa mekundu bado. Alimtazama babake kwa muda, kama anayetaka kuhakikisha kwamba swali ni lake kweli na si la mtu aliye nyuma yake.

"Namtaka, Baba," akasema, na sauti ilifika mpaka kwenye ua wa zizi. "Nilimtaka kabla hajazaliwa huyo ng'ombe wenu."

"Wewe, kidole kilikuwa mwaka jana tu!" Tryphena akapaza sauti kutoka zizini, akicheka na kulia, na kamba ikimvuta mkono. Vigelegele vikapasuka uani. Danson alimkumbatia Reuben, akamkumbatia ndugu yake, akamkumbatia na Mkwe. Mwandawiro hakusikia vizuri, kwa sababu mwanawe alikuwa amemwegemea kifuani, naye alikuwa akilia waziwazi mbele ya wakwe na majirani bila kuona haya. Kesho yake asubuhi tangazo la kwanza likasomwa.